Chupa niliyompelekea mama

NILIINUNUA chupa hiyo katika duka moja dogo jijini Nairobi, ghorofani, mahali panapouzwa simu, nywele za bandia na dawa za kila namna. Ilikuwa na kifuniko cha kijani, picha ya majani mabichi ubavuni na vidonge sitini ndani yake. Maandishi yalidai kuwa vidonge hivyo vilitengenezwa kwa kiini kilichokamuliwa kutoka kwa kahawa mbichi, kwamba vilisheheni antioksidanti, kwamba vingeyeyusha mafuta ya mwili bila mazoezi wala kujinyima chakula, na kwamba vilikuwa vya asili kwa asilimia mia moja. Binti aliyekuwa akiuza, mwembamba na mwenye ulimi wa asali, aliniambia kuwa hata mamake mzazi alikuwa akivitumia. Nililipa shilingi 3,500, nikaitia chupa mkobani, na Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu ya Embu.

Naomba, msomaji, usinicheke mapema. Mimi ni mwandishi wa makala. Nililipiwa karo chuoni miaka miwili ili nifundishwe kuuliza maswali, na kila siku ya kazi huwauliza watu wazima mambo ambayo wangependelea nisiyaulize. Siku hiyo dukani sikuuliza hata moja.

Mama anaishi chini kidogo ya mji wa Runyenjes, katika shamba ambalo marehemu baba alilipanda kahawa alipokuwa kijana. Alikuwa na umri wa miaka 63 wakati huo na uzito wa kilo 96. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameambiwa kuwa ana ugonjwa wa kisukari, na tangu hapo akawa anameza vidonge vyeupe mara mbili kwa siku. Vidonge hivyo hakuvipenda. Vilimsokota tumbo na kumkimbiza chooni, hata kanisani akawa anaketi karibu na mlango.

Nilipomkabidhi chupa aliigeuzageuza, akaniomba nimsomee kwa kuwa miwani yake ilikuwa ndani. Nilipofika kwenye neno kahawa alicheka hadi akajifuta machozi kwa pembe ya leso.

"Umetoa kahawa Nairobi ukaileta Embu?" aliniuliza. "Na ile iliyo nyuma ya jiko ni nini? Shilingi 3,500! Sisi kiwandani wanatulipa ngapi kwa kilo?"

Nilicheka naye. Kisha nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nilisema: "Lakini hizi hazina kemikali, mama. Ni mmea mtupu."

Hakunijibu. Aliichukua chupa akaiweka juu ya kabati ya vyombo, karibu na Biblia.

Sikuwa peke yangu katika hamu hii ya kukonda. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Kwa hivyo katika kila akina mama watano wanaoketi kwenye kikao cha chama siku ya Jumapili, takriban wawili wamo katika hesabu hiyo. Sisi wa mjini tunajua sababu: lifti, matatu, chipsi, soda, na kazi ya kukalia kiti. Lakini mama yangu ni mkulima. Ilinichukua muda kutambua kwamba hata yeye alikuwa ameacha kulima. Watoto tuliajiri kibarua, tukamnunulia televisheni, tukawa tunamletea mkate, mafuta ya kupikia ya mtungi wa lita tano, na mchele kutoka Mwea kila tulipopita. Tulifanya hivyo kwa mapenzi.

Baada ya miezi miwili habari zikaanza kuwa njema. Mama alikuwa amepungua. Dada yangu alinipigia simu akasema gauni za zamani zinamtosha. Majirani walimsifu, akina mama wa kikundi chake wakataka kujua siri, na mimi nikatuma chupa ya pili na ya tatu kwa dereva wa matatu. Nilijiona mtoto mwema kupindukia. Mama alikuwa pia akinywa maji mengi, jambo ambalo sote tulilichukua kuwa la kupendeza, kwani si kila gazeti (hili letu likiwemo) hushauri watu wanywe maji mengi?

Simu ya usiku haina salamu. Dada alinipigia saa nane akaniambia kuwa mama anatapika, anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na hazungumzi maneno yanayoeleweka. Walimbeba kwa gari la jirani. Nilipofika asubuhi nilimkuta amelazwa, mpira wa maji mkononi, midomo imemkauka. Kipimo cha sukari kilikuwa kimesoma 24.6. Muuguzi aliniambia kuwa kwa mtu aliyeamka bila kula, mahali pema ni chini ya 7.

Ndipo akaniuliza amekuwa akitumia dawa gani. Nilitaja vile vidonge vyeupe. Dada yangu akatazama chini. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa yenye kifuniko cha kijani.

Mama alikuwa ameacha vidonge vya hospitali siku ile ile niliyomletea vyangu. Kwa nini ameze kitu kinachomsokota tumbo, ilhali binti yake msomi, anayeandika magazetini, amemletea kisicho na kemikali?

Daktari, kijana wa makamo yangu, hakunikaripia. Alinieleza kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko makaripio. Alisema kuwa mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukonda. Sukari hujaa kwenye damu lakini haiingii mahali inapohitajika, kwa hivyo mwili huanza kujila wenyewe, mafuta kwanza na nyama baadaye. Sukari inayozidi hutoka kwa mkojo na kuvuta maji pamoja nayo, na ndiyo maana mgonjwa hushikwa na kiu. Kilo saba tulizokuwa tukizishangilia hazikuyeyushwa na kahawa yoyote. Tulikuwa tukiupigia makofi ugonjwa.

Mama alikaa hospitalini siku tisa. Nashukuru Mungu alitoka kwa miguu yake.

Baada ya hapo nilifanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kufungua mkoba wangu dukani. Nilitafuta asili ya hadithi ya kahawa mbichi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti mmoja uliofanywa India, wa watu 16 tu, uliodai kwamba kiini cha kahawa mbichi kiliwapunguzia uzito wa kilo nane hivi kila mmoja katika muda wa wiki 22. Mwaka huo huo habari hizo zikapigiwa debe katika kipindi maarufu cha televisheni cha Marekani, na vidonge vikauzwa kama njugu. Kisha wakaguzi wakaanza kuuliza maswali. Mnamo Septemba 2014 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ilieleza kwamba mtafiti aliyeongoza majaribio hayo alikuwa amebadilisha uzito wa watu na kuvuruga hesabu nyingine muhimu. Kampuni iliyokuwa imeyagharimia ilikubali kulipa dola milioni 3.5. Mwezi uliofuata makala ya utafiti huo yaliondolewa rasmi. Yote hayo yalikuwa yameandikwa waziwazi, miaka mingi kabla sijapanda ngazi za lile duka. Chupa ziliendelea kuuzwa kana kwamba hapajasemwa neno.

Lakini sikutaka kuishia hapo, kwa maana neno moja lilinikera. Antioksidanti ni nini hasa? Ni uongo mtupu, au ni ukweli uliovalishwa nguo za biashara? Jibu nililipata mahali ambapo sikulitarajia, jikoni kwa mama mkwe.

Mume wangu anatoka Meru, Imenti Kusini, kule kwenye majani chai. Mnamo Agosti tulikwenda huko kwa sherehe ya familia. Barabara ya kutoka Embu hupanda na kushuka ikivuka mto baada ya mto, Thuci ukiwa mpaka, kisha Chuka, Chogoria, mpaka unaiona Nkubu. Magari ya miraa yalikuwa yakitupita kasi kwa upande wa pili yakielekea Nairobi, taa zimewashwa mchana. Mume wangu akasema kwa mzaha, "Hiyo ndiyo dawa ya kukonda tuliyo nayo Meru."

Mzaha huo una ukweli ndani yake. Miraa ya Igembe na mugũka wa Mbeere ni mmea mmoja, ingawa wakulima wake hawapendi kuambiwa hivyo. Majani na vikonyo vyake vina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huchangamsha ubongo na kuua hamu ya kula. Yeyote aliyeishi na mtafunaji anajua: sahani ya chakula cha jioni hukaa mezani hadi ikapoa. Ni mmea wa asili, unakuzwa bila kiwanda, unachumwa alfajiri na kuliwa ungali mbichi. Kama asili peke yake ingekuwa cheti cha usalama, basi kusingekuwa na ubishi. Lakini Uholanzi iliupiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Mei 2024 kaunti za Pwani zikajaribu kuuzuia mugũka, mambo yakafika kortini Embu. Sitaki kuingia katika kesi hiyo. Familia nyingi za huku zimesomesha watoto kwa majani hayo. Nasema tu kwamba mmea unaoweza kukukondesha unaweza pia kukunyima usingizi, kukupandishia presha na kukumalizia mshahara.

Basi, jikoni kwa mama mkwe tulikuwa tukimenya ndizi mbichi. Ndizi za Meru zina utomvu unaonata na kutia vidole weusi. Alikuwa na beseni la maji kando yake, amekamulia humo limau, na kila ndizi iliyomenywa aliitumbukiza mara moja. Mimi, kwa uvivu wa mjini, niliziacha zangu kwenye sinia. Baada ya muda mfupi zilikuwa zimepiga rangi ya kahawia.

"Hizo zimeshaliwa na hewa," alisema mama mkwe. "Mwanangu, kwenu Embu hamna limau?"

Nilisimama na kisu mkononi. Huyu mama, ambaye aliacha shule darasa la nne, alikuwa amenieleza kwa maneno matatu jambo ambalo nilikuwa nimelisoma kwa wiki mbili bila kulielewa. Zimeshaliwa na hewa. Oksijeni ndiyo hutupa uhai, lakini pia hutia chuma kutu, huchachisha mafuta na kuitia ndizi weusi. Ndani ya miili yetu, chakula kinapounguzwa kupata nguvu, huzaliwa chembechembe korofi ambazo hushambulia chochote kilicho jirani. Antioksidanti ni vile vitu vinavyojitokeza mbele na kushambuliwa badala ya mwili, kama vitamini C ya limau ilivyoziokoa ndizi za mama mkwe. Mwili hujitengenezea baadhi yake, na mimea ina aina chungu nzima: rangi nyekundu ya nyanya, uchachu wa ukwaju, ukakasi wa chai, uchungu wa mnavu, wekundu wa mtama. Mmea hauwezi kukimbilia kivulini wala kumkimbia mdudu. Hutengeneza kemikali za kujikinga papo hapo uliposimama. Ndiyo, nimesema kemikali. Mmea mtupu ni kemikali tupu, na laiti ningalijua hilo siku ile ya Runyenjes.

Nilimuuliza mama mkwe zamani walitumia dawa gani ya kupunguza unene. Hakulielewa swali. Nililirudia. Akaguna.

"Dawa ya kuondoa unene? Mwanangu, tulikuwa tukitafuta unene! Mtu mnene alikuwa ni yule ambaye nyumbani kwake kuna chakula."

Dawa walizijua nyingi: za tumbo, za homa, za mama aliyejifungua, magome na mizizi ya kutia kwenye supu ya mbuzi. Hiyo ya supu hata Wamaasai wanayo, na mtafiti Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, pamoja na wenzake, walijishughulisha nayo katika miaka ya 1990. Waliona kuwa magome mengi yanayotiwa kwenye supu na maziwa yana saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni, na wakapendekeza kuwa huenda hayo husaidia kuzuia mafuta ya nyama yasidhuru damu ya watu wanaokula nyama na maziwa kwa wingi. Ila Mmaasai huyo alikuwa pia akitembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima.

Walichokuwa nacho wazee wa Meru na Embu kilikuwa mlo wenyewe. Mama mkwe alinihesabia: uji wa wimbi na mawele, viazi vikuu, nduma, njahi, kunde, mnavu, mchicha wa porini, thabai iliyochumwa kwa uangalifu isije ikakuwasha. Nyama ilikuwa ya siku ya sherehe. Sukari aliionja alipokuwa msichana mkubwa. Na katika yote hayo alitembea hadi mtoni kuteka maji, mteremko kwenda na mlima kurudi.

Shemeji yangu alikuwa na habari nyingine. Katika sehemu ya shamba la chai amepanda mistari michache ya chai ya zambarau, ile aina iitwayo TRFK 306/1, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na wataalamu wa utafiti wa chai wa Kericho baada ya kazi ya miongo miwili na zaidi. Majani yake machanga yana wekundu wa damu ya mzee, kwa sababu ya anthosiani, antioksidanti ile ile inayozitia rangi zambarau na kabichi nyekundu. Wakulima waliahidiwa bei nono. Shemeji alinionyesha miche hiyo kwa fahari, kisha akakiri kuwa mara nyingi majani huishia kuchanganywa na ya kawaida kwa bei ya kawaida, maana viwanda vinavyoisindika peke yake ni vichache. Nilimuuliza kama inapunguza unene. Akasema wanaouza ndivyo wanavyosema. Niliyafuatilia majaribio yenyewe: ni machache na ni madogo. Kikombe cha chai ya zambarau isiyotiwa sukari ni kinywaji kizuri, hasa kikichukua nafasi ya soda. Zaidi ya hapo sikupata msingi wa kukuahidi kitu.

Wapo Wakenya wanaofanya kazi hii kwa uaminifu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao walichapisha matokeo kuhusu mimea inayotumiwa na waganga wa uliokuwa Mkoa wa Mashariki, Meru na Embu ikiwemo, kutibu kisukari. Walikamua mimea hiyo, wakawapa panya waliotiwa ugonjwa, na sukari ya baadhi yao ikashuka. Miongoni mwa mimea hiyo ni kishona nguo, gugu lile linalokunasa kwenye sketi ukipita shambani. Si jambo dogo. Lakini panya huyo alipimwa kabla na baada, dawa yake ikapimwa kwa uzito wa mwili wake, na hakuwa akimeza dawa nyingine. Kutoka kwake hadi kwa mama yangu ni safari ya miaka, na wengi huishia njiani. Wenye chupa huipiga picha hatua ya kwanza, wakaiuza kana kwamba wameshafika.

Na si kwamba hatari ni ya kufikirika tu. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya mia moja waliokwenda kliniki kupunguza unene waliharibikiwa na figo kwa sababu mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umechanganywa na mwingine, aristolokia, wenye sumu. Ulikuwa mmea wa asili pia. Finland nako wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walishiriki katika majaribio ya vidonge, na baadhi yao walipewa betakarotini, antioksidanti ya karoti. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yaliwashangaza madaktari wenyewe: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti haijawahi kumfanyia mtu hivyo. Kiini kilichokamuliwa na kurundikwa kwenye kidonge si chakula tena, ni dawa, na dawa hudai vipimo vya dawa.

Nimeacha habari moja ambayo ningependa ukae nayo. Vile vidonge vyeupe vya mama, vilivyomsokota tumbo, huitwa metifomini. Nilipochimba asili yake nilikuta mmea. Ulaya ya zamani kulikuwa na mmea wa maua ya zambarau uitwao galega, ambao watu waliutumia katika tiba zao za kienyeji. Ulikuwa na kitu kinachoshusha sukari, lakini ulikuwa pia na sumu, na kondoo walioula walikufa. Wanakemia walikifuata kitu hicho, wakaunda ndugu yake aliye mpole zaidi mwaka 1922. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akaandika matokeo ya kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Marekani haikuiruhusu hadi katikati ya miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita. Kwa hivyo nilipompokonya mama dawa ya kemikali ili nimpe ya mmea, nilimpokonya dawa iliyoanzia kwa mmea, ikapimwa na watu waliokuwa tayari kukosolewa, nikampa vumbi lenye picha ya majani.

Nilimweleza haya yote Oktoba, tukiwa tumekaa nje tukipura maharagwe. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa hotuba ndefu. Alinisikiliza, mikono ikiendelea.

"Wewe uliniletea," alisema mwishowe, "lakini mimi ndiye niliyeacha zile nyingine bila kuuliza. Nilikuwa nimechoka kukaa karibu na mlango kanisani."

Hilo la mlango, kumbe, lilikuwa na tiba. Kliniki walimbadilishia aina ya vidonge, wakampa vinavyoyeyuka polepole, wakamwambia ameze baada ya chakula na si kabla. Tumbo likatulia. Ilitosha mtu mmoja kumuuliza. Sasa anatembea kila asubuhi hadi kiwanda cha kahawa na kurudi, kibarua amepunguziwa siku, mafuta ya mtungi tumeacha kuleta, na mchele huliwa Jumapili. Anapika mnavu kama zamani, githeri yenye njahi nyingi kuliko mahindi. Kilo zimepungua nne katika mwaka mzima. Hakuna jirani aliyemsifu. Mmoja alimuuliza kama anaumwa. Chupa ya kifuniko cha kijani ameiosha, anahifadhia mbegu za mchicha.

Krismasi iliyopita nilimletea pakiti ya chai ya zambarau kutoka kwa shemeji yangu. Aliipokea kwa jicho la shaka.

"Hii nayo inatibu nini?"

"Haitibu kitu, mama. Ni chai."

Tuliichemsha bila maziwa. Binti yangu mwenye miaka saba alikuwa amesikia kisa cha nyanya yake wa Meru na limau, akakamulia tone kwenye kikombe, na chai ikageuka rangi ya waridi mbele ya macho yetu. Alipiga yowe. Akataka kuvifanya vikombe vyote hivyo. Mama alionja chake, akakunja uso, akasema kitu hiki kingehitaji vijiko vitatu vya sukari ili kiitwe chai. Kisha akafungua kijaluba anachokiweka karibu na Biblia, akatoa kidonge kimoja cheupe, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kula, akakimeza kwa chai hiyo hiyo.